Sokomutu Aliyengoja Hukumu

Siku niliporudisha funguo za kazi ili nipumuzike, wenzangu wa biro walinichomea mbuzi nyuma ya tribinali. Tulikuwa kati ya nyama na viazi wakati Nadège, karani mugeni aliyekuwa hajamaliza hata mwaka mumoja kazini, aliponiuliza kwa heshima zote kama ni kweli zamani sokomutu, yule sokwe wa porini, alivaa robe, kanzu nyeusi ya avoka, akakaa kwenye kiti cha juge na akatoa hukumu. Nikamujibu kwamba si kweli. Sokomutu alipasua robe moja tu. Na kuhusu hukumu, kwa miaka miwili na miezi minne hakuna mutu aliyetoa, si yeye wala wale waliosomea.

Nimeona heri niwaandikie mwenyewe, kabla hadithi haijaongezwa mukia mwingine. Ya vyeo na mushahara sitasema. Vyeo munaviona kwenye milango, na mushahara munaujua kuliko mimi.

Niliingia kazi Goma nikitoka Kalehe, na diploma yangu ndani ya sasheti ya plastiki ili mvua isiiguse. Walinipa kwa Muzee Nzanzu, mutu wa Butembo, mwembamba, mwenye kukohoa kabla ya kila neno la maana. Alikuwa mulinzi wa magazini ya piesi. Piesi, kwa ninyi ambao hamujaingia bado kule nyuma, ni kila kitu kinachokamatwa pamoja na mushitakiwa na kinachongoja juge akiangalie: panga, pikipiki, godoro lenye damu, bidoni la kanyanga, pombe kali ya nyumbani. Magazini yenyewe ni chumba cha mawe ya volkano, mulango wa chuma, bila dirisha. Siku yangu ya kwanza Muzee alinifungia humo saa moja nzima. Aliponifungulia alisema hakuwa ananitesa, alitaka nijue harufu ya chumba. Mutu akiijua harufu, siku ikibadilika atajua kuna kitu kimeoza ao kimeibiwa.

Alinionyesha vyombo: rejista nyeusi ya karatasi ngumu, uzi, lebo za karatoni, mushumaa, lakiri nyekundu na cachet, muhuri wa tribinali. Alinifundisha fundo la kuzungusha uzi mara mbili, ambalo haliwezi kufunguliwa bila kukata. Halafu akakohoa na akasema neno ambalo nimelibeba miaka thelathini na moja: "Kitu kinaingia kwa sahihi, kinatoka kwa sahihi. Katikati hapo hakuna kingine, kuko wewe tu."

Tulipata dosye ngumu, mafaili ya kesi za kila namna. Kulikuwa na kanyanga iliyoingia litre ishirini, na mwaka uliofuata ikawa kumi na nne. Muzee aliandika kwenye sehemu ya maelezo neno moja, "jua", ijapokuwa chumba hakikuwa na dirisha, na hakuna mutu aliyeuliza. Kulikuwa na chukudu, ile ya mbao tunayosukumia makala na viazi, ambayo ndugu wawili wa Mabanga waliigombania mupaka ubao wa katikati ukaoza. Hukumu ilipotoka, tulimupa kila mumoja gurudumu moja. Na kulikuwa na mbuzi. Mbuzi alikaa siku mbili, akala kona ya dosye ya mutu mwingine, na Muzee akaenda mwenyewe kwa Président wa tribinali kuomba auzwe haraka, kwa sababu sheria inaruhusu kuuza kitu kinachoharibika. Aliporudi alisema kwamba kitu chenye kinywa kisilale ndani ya magazini hata mara moja.

Muzee Nzanzu alienda kupumuzika kwao Butembo, na baada ya miaka michache akafa. Nilimulilia. Lakini ninaona ni vizuri hakukuta yaliyofuata.

Watu wa mazingira walifika siku ya kazi, katikati ya asubuhi, na karatoni iliyotobolewa matundu. Ndani mulikuwa sokomutu wa kike, mutoto, labda wa mwaka mumoja na nusu, na munyororo shingoni. Walikuwa wamemutoa kwenye nganda, nyumba ya pombe, ya muchuuzi mumoja wa Mabanga, Juvénal, ambaye wote walimuita Juve. Kwenye nganda hiyo wateja walikuwa wakimunywesha mutoto huyo bière na kumupa sigara, na alipolewa walicheka. Sheria inakataza kumukamata, kumuuza na hata kumuweka nyumbani, kwa sababu wamebaki wachache porini. Kwa hiyo Juve alishitakiwa, na sokomutu akawa piesi namba saba ya dosye yake. Piesi namba moja mupaka sita zilikuwa munyororo, kikombe, kiti kidogo na vitu vingine vya namna hiyo.

Niliuliza kwa nini hawakumupeleka moja kwa moja upande wa Bukavu, kule kuna makao ya sokomutu yatima na wanganga wa kutibu nyama wa porini. Wakaniambia makao yalikuwa tayari kumupokea kesho yake. Lakini avoka wa Juve, mwenye kumutetea, alikuwa amepinga. Alisema piesi ikienda mbali, mteja wake atahukumiwa kwa kitu kisichoonekana. Président akaona ni sawa, akaamuru piesi ibaki kwetu siku munane.

Mimi nilijaribu njia ya Muzee Nzanzu. Nilienda kumuambia Président kwamba hii piesi ina kinywa. Alifikiri sana, maana alikuwa mutu wa haki, na akanieleza hivi: hatuwezi kumuuza, kwa sababu kuuza ndiyo kosa lenyewe. Hatuwezi kumuachilia, kwa sababu ni ushahidi. Hatuwezi kumuua, kwa sababu tunamulinda. Basi tumufungie. Nilitoka nikiona kila neno lilikuwa la kweli, na bado kitu hakikuwa sawa.

Piesi inapoingia lazima ipewe lebo na lakiri. Lebo ya kwanza aliila. Ya pili aliila pamoja na uzi. Ya tatu niliifunga mugongoni kwa fundo la Muzee, ambalo halifunguki, na akalifungua akiniangalia usoni. Lakiri ya moto huwezi kuidondosha juu ya kiumbe mwenye roho. Mwishowe niliipiga juu ya kufuli la munyororo wake. Kisheria, basi, nilikuwa nimefunga kufuli vizuri kabisa. Sokomutu alikuwa tu kitu kilichokuwa karibu na kufuli.

Jina hakuwa nalo. Wamama wanaouza ndizi kwenye lango walisikia tukisema piesi huku, piesi kule, wakamuita Piesi, na ikabaki hivyo. Bibi yangu wa ndoa, Mama Espe, alipomuona mara ya kwanza alikasirika. Alikuja kuniletea chakula akamukuta amekaa kati ya pikipiki na magodoro, anajikumbatia kwa baridi. Alivua sweta yake ya kijani akamuvalisha. Nilimukumbusha kwamba ni marufuku kuongeza kitu juu ya piesi. Tangu siku ile alileta uji kila asubuhi, na mimi niliuandika kama "matunzo ya vifaa".

Siku munane zilipita. Avoka aliumwa. Président akahamishwa, na wa pili alipofika aliomba dosye ianze upya. Halafu avoka akapona, lakini mutafsiri hakuonekana, ijapokuwa sijui mutafsiri angetafsiri nini.

Kila mara kesi ilipoitwa, nilimubeba Piesi mugongoni nikavuka uwanja kwenda chumba cha hukumu. Mara ya kwanza Président mupya alimuuliza Juve kama anamujua huyu nyama. Ilionekana wazi kwamba Juve alikuwa amefundishwa kusema hapana. Lakini kabla hajafungua kinywa, Piesi aliniruka, akapita juu ya benchi mbili, na akamukumbatia Juve shingoni kwa mikono miwili. Avoka alipojaribu kumutoa, ndipo robe ilipasuka. Watu walicheka mupaka polisi akacheka. Juve hakucheka. Alikuwa mutu munene, na machozi yalimushuka mupaka kwenye kola.

"Sasa nitasema hapana namna gani, mheshimiwa?" alisema. "Mwenye aliniuzia alikuwa na mama ya huyu mutoto tayari ndani ya gunia, amekatwakatwa. Huyu alikuwa amekaa juu ya gunia. Kama singemununua, jioni ile angekuwa ndani ya sufuria. Nilimupa kitanda. Kosa langu ni nini?"

Mwendesha mashitaka alimujibu kwamba feza aliyotoa ndiyo iliyomutuma mwindaji kwa mama mwingine. Juve aliinama kama mutu ambaye hajawahi kulifikiria neno hilo. Mimi nimelifikiria miaka mingi, na bado ninaona wote wawili walisema kweli, isipokuwa Juve alisahau kutaja bière.

Kesi iliahirishwa. Juve alikuwa nje, tribinali ilimuruhusu kungojea nyumbani. Akaanza kuja kila Alhamisi na karanga za kuchemusha, anakaa kwenye ngazi ya magazini, na mimi ninamufungulia Piesi munyororo aje amukalie kwenye magoti. Sheria haikuniruhusu. Siku moja aliniangalia akasema polepole: "Papa Deo, mimi mushitakiwa niko huru. Mwenye alikosewa ndiye yuko gerezani, na wewe ndiye gadiani, mwenye kumulinda asitoke." Nilimuambia akazane kumenya karanga.

Mwaka wa pili alikuja mukaguzi kutoka Kinshasa, kijana wa suti, na mizani. Alifungua rejista, akalinganisha kila kitu na maandishi. Kanyanga ilikuwa imepunguka, na hakushangaa. Alipofika kwa namba saba alisimama.

"Hapa iliandikwa kilo sita. Mizani inaonyesha kilo kumi na nne. Hii kilo munane ilitoka wapi?"

"Ilikula, chef."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Niliandika PV, ripoti ya kiserikali, ya kurasa tatu kueleza ongezeko la piesi. Ninawaambia ninyi vijana, ni PV ngumu kuliko zote nilizoandika, kwa sababu kila sentensi ilikuwa ya kweli na hakuna hata moja iliyokuwa na maana. Mukaguzi aliisoma, akapiga cachet, na akapendekeza piesi irudishwe kwenye uzito wake wa kwanza. Mama Espe alipoisikia alileta uji mara mbili kwa siku.

Niseme pia upande wangu, maana si vizuri kumucheka mukaguzi peke yake. Nilikuwa nimezoea. Asubuhi niliharakisha kwenda kazini kama kijana. Nilipoandika, Piesi alikaa karibu na meza na kuweka mukono wake juu ya goti langu, mukono wa baridi wenye kucha nyeusi kama za mutu, na alikaa hivyo hata nusu saa. Wageni wakubwa walipofika tribinali waliletwa kumuangalia, na nilijisikia mukubwa kidogo. Hakuna karani mwingine wa Kivu aliyekuwa na piesi ya kusalimia kwa mukono. Siku hizo ukiniuliza kama ninamupenda, ningesema ndiyo. Juve naye angesema ndiyo. Wateja wake pia.

Halafu akaacha uji. Alianza kung'oa manyoya ya mikono yake, moja moja, kwa utaratibu, kama mama anayechambua mboga. Mikono ikabaki uchi mupaka kwenye viwiko. Alikuwa akijisukuma mbele na nyuma, kichwa kikigonga tanki ya pikipiki namba kumi na mbili, na sauti ile niliisikia mupaka kwenye meza yangu.

Nilipiga simu upande wa Bukavu. Akaja Docteur Furaha, munganga wa nyama, mwanamuke mufupi wa maneno machache. Alikaa na Piesi magazini asubuhi nzima. Alipotoka aliniuliza kama nina watoto. Nilimuambia sita. Aliniuliza nani kati yao angebaki na akili timamu akikaa humu miaka miwili peke yake bila kumuona mutu wa kabila yake ya wanadamu. Nilimujibu kwamba nilikuwa ninamuachia mulango wazi saa za kazi. Alisema ameona. Alisema munyororo pia ameuona.

Niliandika barua tatu kuomba Piesi ahamishwe. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilirudi na mustari mumoja: piesi itunzwe katika hali ile ile iliyopokelewa. Niliisoma nikiangalia mikono yake isiyo na manyoya.

Ndipo mulima ulipotapika moto. Munakumbuka, wengine wenu mulikuwa shuleni. Siku chache baada ya moto wenyewe, ardhi ikiendelea kutetemeka, asubuhi walitutangazia tutoke muji, na Goma nzima ikaingia barabarani. Mama Espe alikuwa tayari na wajukuu, godoro na sufuria, barabara ya Sake. Nilimuambia anitangulie kidogo.

Kwenye tribinali hapakuwa na mutu. Kuta zilikuwa na nyufa ambazo mukono unaingia. Maagizo ya siku ya hatari yalikuwa yamebandikwa mulangoni: kuokoa kwanza rejista, halafu silaha, halafu vitu vya thamani. Nilisimama mbele ya karatasi hiyo, na ardhi ikatikisika, na ndani nikasikia kichwa kikigonga tanki. Rejista niliiacha mezani. Nilikata lakiri kwa kisu, nikafungua kufuli, nikamubeba Piesi mugongoni katika sweta yake ya kijani. Hakuna sahihi niliyoweka. Kwa miaka yote ya kazi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kitu kutoka bila sahihi, na nilikuwa ninatetemeka zaidi ya mulima.

Tulimukuta Mama Espe mbele kidogo. Alimuangalia Piesi, akaniangalia. "Miaka yote hii hukuniletea hata musumari wa tribinali," alisema, "na leo unaanza na nyama muzima." Akamufunika kitenge kichwani, tukaendelea. Katika umati ule hakuna aliyeshangaa. Mama mumoja wa Katoyi alinipongeza kwa kubeba mujukuu mukubwa hivyo mugongoni. Mwingine aligundua, akanyamaza, akatoa ndizi.

Tulilala Sake kwa watu wa kanisa, na kesho yake tukaendelea kuelekea Minova. Kabla ya kufika kuna kizuizi, na hapo walikuwa watu wa mazingira wa upande ule, wakiangalia makala na mbao. Kiongozi wao alifunua kitenge.

"Muzee, muko na karatasi ya huyu nyama?"

Nilimuambia karatasi iko ndani ya rejista, rejista iko Goma, na mwenye kuandika rejista ni mimi. Alinisikiliza mupaka mwisho. Aliniambia kila mufanya biashara ya nyama anayemukamata huwa na maneno, lakini yangu ni ya ajabu kuliko ya wote. Akanifunga pingu. Zilikuwa ndogo, na Piesi akazichunguza kwa makini, kama mutu anayeona kitu cha kwao.

Ile ilikuwa mikoa miwili tofauti, munaelewa: tribinali ya kule haikuwa yetu. Karani wao aliandika: piesi namba moja, sokomutu mumoja, namba mbili, sweta moja. Halafu akatafuta pa kumuweka. Magazini hawakuwa nayo, walikuwa na kabati. Aliangalia kabati, akaangalia Piesi, akakimbia kwa juge kuomba kesi isikilizwe kesho yake asubuhi. Nilimuona kama Muzee Nzanzu amefufuka.

Juge alikuwa mwanamuke wa umri wangu, miwani ikiwa kwenye uzi. Usiku ule sikuwa nimelala, si kwa pingu. Nilikuwa nimeona kitu. Nikisema kweli yote, kwamba mimi ni karani na huyu ni ushahidi wa kesi ya Goma, atapiga simu, watathibitisha, ataniachilia kwa heshima, na Piesi atarudishwa magazini, kwenye munyororo, kungoja avoka apone. Nikikubali kosa, sheria inamulazimisha kumunyanganya na kumutuma kwenye makao. Mulango ulikuwa mumoja tu, na ulipita juu ya jina langu. Mama Espe nilimueleza asubuhi kupitia dirisha. Alisema nisisahau kuomba sweta irudishwe.

Juge alianza kwa kuuliza kama ninakubali kwamba nilimushika nyama huyu.

"Ninakubali, mama juge."

"Kwa muda gani?"

"Miaka miwili na miezi minne."

Aliinua macho. Nadhani alikuwa amezoea watu wanaosema walimuokota jana.

"Ulimuweka wapi?"

"Ndani ya chumba bila dirisha. Kwa munyororo."

"Ulikuwa na ruhusa?"

Karani hadanganyi mbele ya juge. Ni kitu pekee tunachokuwa nacho. Nilimuangalia Piesi aliyekaa kwenye meza ya karani, anajitafuta manyoya ambayo hayakubaki.

"Ruhusa nilikuwa nayo, mama juge," nilisema, "lakini si ya mutu anayeweza kuitoa."

Alivua miwani. Alinitazama kwa muda murefu, akatazama viatu vyangu, vile vyeusi vya kazi ya serikali ambavyo sisi wote tunanunua kwa mutu mumoja, na ninaamini pale alijua mimi ni nani. Hakuuliza kazi yangu. Karani wake alitaka kuuliza, na akamuambia anyamaze. Alinihukumu miezi sita na sursis, yaani kifungo ambacho hukiingii ukitulia, na akaamuru nyama apelekwe kwenye makao siku ile ile. Docteur Furaha alifika na sanduku kabla ya saa sita. Sweta haikurudishwa, kwa sababu Piesi alikataa kuivua.

Tuliporudi Goma, niliandika PV ya mwisho ya namba saba: ilitoka kwa hukumu ya tribinali nyingine, kinyume na taratibu, kwa kosa la mulinzi. Nilipewa lawama ya maandishi, na ninaomba ibaki ndani ya dosye yangu, munaweza kuiangalia. Kesi ya Juve iliitwa mara ya kumi na moja. Avoka wake alisimama akasema piesi haiko, basi ushahidi hauko. Président alikubali, na Juve akaachiliwa kabisa. Kwa hiyo katika habari yote ya kumutesa Piesi, ya mwindaji, ya gunia, ya bière na ya munyororo, aliyehukumiwa ni mutu mumoja, na ndiye anayewaandikia. Nilipomuambia Mama Espe kwamba si haki, alisema ni haki kidogo.

Mwaka uliopita Juve alinitafuta. Ameuza nganda, sasa anauza mabati. Aliniambia anataka kwenda kumuona, lakini anaogopa kwenda peke yake. Tulipanda boti mupaka Bukavu, wanaume wawili wazee na mufuko wa karanga za kuchemusha, na tulibishana njia nzima nani atamuita kwanza.

Docteur Furaha alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Alieleza kwamba Piesi hatarudi porini hata siku moja. Amechelewa, hajui kujenga kitanda cha majani wala kuogopa watu vya kutosha. Atazeeka pale, ndani ya uzio mukubwa wenye miti, na wenzake kumi na tisa. Nilimuuliza kama hiyo si gereza tena. Alisema ni gereza, na hajawahi kumudanganya mutu kwamba ni kitu kingine, lakini hapa hakuna anayeangaliwa ili watu wafurahi. Aliturudisha nyuma mita kumi kutoka uzio. Karanga alizichukua, akasema zitatolewa jikoni kama chakula cha wote.

Tulimutambua mara moja. Alikuwa mukubwa, mwenye mabega, na manyoya ya mikono yameota meusi kabisa. Karibu naye alikuwa mutoto mudogo sana aliyefika mwezi ule, kutoka nyumba moja ambamo, Docteur alisema, walimupenda sana. Mutoto yule alipotuona alikuja mbio mupaka kwenye uzio na kunyoosha mukono nje, kutuomba. Juve aliita. Mimi pia niliita.

Piesi aligeuka. Alitembea polepole mupaka kwenye uzio, akakaa, akatuangalia, kwanza Juve, halafu mimi, kwa muda wa kutosha kusoma ukurasa mumoja. Halafu akamushika yule mudogo kwenye kiwiko, akamuvuta kutoka kwenye uzio, na akamupeleka nyuma ya miti, mahali ambapo hatukuweza kuwaona.

Juve alipangusa uso kwa leso. Alisema labda hakututambua, miaka imepita. Nilimuacha aseme hivyo mupaka kwenye boti. Mimi ninaamini alitutambua vizuri sana.